Mafundi wa Kandarasi na Kiswahili cha Mabela

Kila tunapokutana na wanachama wenzetu wa zamani, tukiwa likizo Dar es Salaam au Unguja, swali huwa ni lile lile: "Hivi nyinyi huko Omani mnafanya kazi gani hasa?" Wengine hudhani tunauza simu. Wengine wamesikia kwamba tunakaa katika ofisi ya serikali, basi wakaamini tumekuwa maofisa wenye gari la ofisi na pensheni. Mhariri alipotuomba tuandike, tulikubaliana tulijibu swali hilo mara moja, kisha tuseme jambo ambalo hatuulizwi kamwe, nalo linawahusu wasomaji wa jarida hili kuliko mishahara yetu.

Tuko watatu. Mmoja wetu ni Mpemba, wa pili ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, na wa tatu ametoka Tanga. Chuoni tulisoma uhandisi wa kompyuta, na Kiswahili tulikifuata jioni, kwenye mijadala ya chama, kwa mapenzi tu. Tulifika Muscat mwaka 2019, na tangu hapo tumepanga pamoja Mabela.

Mabela iko katika wilaya ya Seeb, magharibi ya Muscat. Barabara kuu imeigawa pande mbili: Mabela ya Kaskazini iko upande wa bahari, na Mabela ya Kusini upande wa milima, ambako kuna eneo la viwanda, gereji na maduka ya vipuri. Kutoka kwetu hadi Al Khuwair, mtaa wa wizara, ni zaidi ya kilomita 30, lakini kodi ya nyumba kwetu ni nafuu, na hiyo ndiyo sababu mafundi wa kila aina wamejaa hapa. Jioni utawasikia wakisema Kimalayalam, Kibangla, Kiurdu na Kiarabu. Ukisimama kidogo mbele ya duka la mandazi na mishkaki utasikia na Kiswahili. Tena si cha wageni kama sisi, bali cha wenyeji, cha watu waliovaa dishdasha na kofia ya Kiomani, wanaoulizana habari za harusi na za mpira kwa lafudhi ya Mji Mkongwe.

Wasomaji wengi wanaijua historia hiyo, kwa hiyo tutaipitia haraka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zenye asili ya Omani ziliondoka Zanzibar. Sultani Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Walirudi kutoka Unguja, Pemba na mrima, na wengine walitoka Burundi, Rwanda na Kongo. Wengi walikuwa wamesoma skuli kwa Kiingereza wakati ambapo Omani yenyewe ilikuwa na skuli chache mno, kwa hiyo walipata nafasi katika wizara mpya, katika mafuta, hospitalini na kwenye mitambo ya simu. Kiarabu chao wengine kilikuwa kizito, na walisemwa kwa hilo. Kiswahili kilibaki lugha ya nyumbani na, kama tulivyokuja kugundua, lugha ya pembeni mwa ofisi.

Sasa kazi yenyewe. Sisi si waajiriwa wa serikali. Ofisi ya umma hutangaza zabuni ya kutunza mtandao wake wa kompyuta. Kampuni binafsi hushinda zabuni, kisha huajiri mafundi na kuwaweka ndani ya ofisi hiyo. Meza ni ya serikali, kiti ni cha serikali, na chumba cha seva ni cha serikali, ila mshahara na kibali cha ukaazi vinatoka kwa kampuni. Rangi ya kitambulisho cha shingoni ndiyo inayotofautisha watu. Mwenye rangi moja hutoka saa nane na nusu mchana, na sisi wenye rangi ya pili hubaki hadi jioni. Ikija sikukuu ya taifa, yeye hupumzika nasi huandikwa zamu.

Mkataba wetu ulikuwa wa miaka miwili miwili, na zabuni ilikuwa ya miaka mitano. Tarakimu hizo mbili haziendi sawa, na humo ndimo wasiwasi wote wa kazi ya kandarasi unamoishi. Mkataba wako unaweza kuwa na mwaka mzima mbele yake, lakini zabuni ikipotea meza haipo tena. Kampuni nyingine itakayoshinda inaweza kukuchukua, inaweza kukuchukua kwa mshahara pungufu, au inaweza kuja na watu wake. Katika miaka ile mitano hatukununua fanicha yoyote ambayo isingeweza kuuzwa kwa siku moja.

Kazi za kila siku si za kujivunia. Tunafunga swichi, tunavuta kebo juu ya dari, tunabadilisha betri za akiba, tunafuatilia ruta za matawi zilizo mbali. Kazi yoyote ya kuzima kitu hufanyika Alhamisi usiku, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko na hakuna mwananchi atakayekuja dirishani. Mwezi wa Julai adui mkubwa ni joto. Kiyoyozi cha chumba cha seva kikifa saa nane mchana wakati nje ni nyuzi 45, una dakika chache tu za kuamua kipi kizimwe kwanza na kipi kiachwe kife chenyewe.

Kilichotufundisha thamani ya kazi hii ni kimbunga Shaheen. Kilitua pwani ya Batinah usiku wa tarehe 3 Oktoba 2021, katika sehemu ambayo watu hawajazoea vimbunga. Serikali ilitoa siku mbili za mapumziko ili watu wakae majumbani. Sisi tulikuwa zamu. Katika ramani ya ukutani kila tawi ni nukta ya kijani, na usiku ule nukta za Suwaiq, Khaburah na jirani zake ziligeuka nyekundu moja baada ya nyingine. Hatukuwa na la kufanya mpaka barabara zifunguke. Zilipofunguka tulikwenda na gari la kukodi lililojaa vifaa. Katika tawi moja maji yalikuwa yamefika kiunoni, na swichi ya chini ilipotolewa kwenye kabati lake ilimwaga tope. Nje kulikuwa na foleni ya watu waliopoteza karatasi zao zote katika mafuriko, wakisubiri mashine iwake ili waandikwe upya. Mzee mmoja alituuliza kwa Kiarabu kama tumekuja kurudisha serikali. Tulicheka, lakini kwake yeye siku ile, serikali ilikuwa ni waya ule tuliokuja kuuunga.

Katika taarifa iliyoandikwa baadaye, kazi ile ilitajwa kwa jina la idara. Hatulalamiki, ndivyo zabuni ilivyo. Waswahili walisema zamani: asiyekuwepo na lake halipo. Fundi wa kandarasi yupo kwa mwili, ila katika karatasi hayupo.

Mwaka 2023 ofisi ilituletea mwanafunzi. Alikuwa binti wa Kiomani aliyemaliza chuo, na tuliambiwa wazi kwamba tumfundishe kila kitu kwa sababu zabuni itakapokwisha yeye na wenzake ndio watakaoutunza mtandao. Maana yake tulitakiwa kumfundisha mtu atakayekaa katika viti vyetu. Sera ya kuwapa Waomani kazi zinazofanywa na wageni ni ya miaka mingi, na kila mgeni anayefanya kazi hapa anaijua kama anavyojua tarehe ya kumalizika kwa kibali chake.

Nyumbani Mabela tulibishana usiku kucha. Mmoja wetu alisema wazi: fundi akishatoa siri zote, amejikata mkono. Katika kambi za mafundi mtindo wa kuficha unajulikana. Kuna wanaomwonyesha mwanafunzi namna ya kuwasha lakini si namna ya kutengeneza, na kuna wanaouacha mchoro wa mtandao kichwani wasiuandike popote. Wa pili akajibu kwamba mtandao si wetu wala si wa binti yule, ni wa yule mzee wa Batinah. Wa tatu akakumbusha jambo lililonyamazisha ubishi. Kwetu Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa mzawa. Tuliposikia habari hiyo chuoni tuliipigia makofi. Haki tuliyoitaka kwetu hatuwezi kuiita dhuluma ikidaiwa kwa jirani. Tukaamua kumfundisha kila kitu.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoingia. Wiki ya kwanza tulifundisha kwa Kiingereza, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika, lakini maswali yake yalikuwa machache mno. Siku moja simu yake ililia, akapokea akasema, "Masalkheri bibi, shikamoo." Sote watatu tuligeuka. Bibi yake alizaliwa Wete. Binti mwenyewe hajawahi kufika Pemba, na hajasoma hata sentensi moja ya Kiswahili darasani, lakini alikilelewa nacho jikoni. Tangu siku hiyo alituita kaka, nasi tukaacha Kiingereza isipokuwa kwa majina ya amri.

Tatizo likawa maneno. Tuna kamusi za kompyuta, tuna istilahi zilizosanifiwa, na wanachama wakongwe watakumbuka kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kitupu. Tulijaribu. Tulimwambia "nywila", akauliza ni aina gani ya nywele. Tulimwambia "ukuta wa moto", akasema ukuta wa moto unaunguza kila kinachokuja, sasa barua halali itapitaje? Swali lake lilikuwa sahihi kuliko istilahi. Tulimweleza kwamba kifaa hiki hukagua kila pakiti, hutazama imetoka wapi na inakwenda wapi, kisha huipitisha au huizuia kwa kufuata orodha ya sheria. Akasema, "Hiyo si forodha?" Ni forodha, kweli. Kuanzia hapo katika daftari letu iliitwa forodha, na sheria zake tuliziita ushuru na marufuku.

Seva ya majina ilitupa kazi zaidi. Watu hutumia majina, lakini mashine huhitaji anwani za tarakimu, na seva hii ndiyo inayojua jina fulani liko kwenye anwani ipi. Mpemba wetu akamwambia: ni sheha. Ukifika shehia usiyoijua, unamtaka fulani bin fulani, humfuati nyumba kwa nyumba. Unakwenda kwa sheha, naye anakwambia nyumba ya tatu nyuma ya msikiti. Na ikiwa sheha hamjui, atamuuliza sheha mwenzake au mkuu wa wilaya. Binti hakuwahi kuishi katika shehia, lakini hadithi za bibi zimejaa masheha. Alielewa papo hapo, na bila kuulizwa akaongeza: "Kumbe sheha akidanganywa, wageni wote watapelekwa nyumba ya mwizi." Hiyo ni mojawapo ya hatari kubwa za kiusalama katika mitandao, na watu hulipia mafunzo ya siku kadhaa kuijua.

Tuliendelea hivyo. Mtandao mmoja uliogawanywa katika vijimtandao visivyoonana tuliuita nyumba ya ua moja yenye milango mingi. Seva inayogawa anwani kwa muda tuliiita mpangishaji, kwa sababu anwani hutolewa kwa kipindi, kipindi kikiisha hurudishwa na hupewa mwingine. Binti akatutazama akasema, "Kama mikataba yenu." Hakuwa na nia ya kutuumiza. Ilikuwa maelezo mazuri, na tuliyaandika.

Siku tulipomtembelea bibi yake, hukohuko Mabela ya Kaskazini, alitutia bilauri za sharubati akatuuliza mjukuu wake anafunzwa nini. Tulipomweleza kuhusu intaneti isiyo na waya, akasema, "Simu ya upepo hiyo." Tulikwenda nyumbani tukiwa tumepigwa na butwaa. Simu ya upepo ni neno la watu wa zamani kwa habari zilizotumwa kwa mawimbi ya redio, na limo katika kamusi za wakati wa ukoloni. Sisi tulikuwa tukihangaika kutafuta neno la kitu ambacho Waswahili walishakitaja kabla ya baba zetu kuzaliwa. Na tukizidi kuchimba, "simu" lenyewe limetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kwa hiyo simu ya mkononi, kwa asili ya neno, ni waya usio na waya, na hakuna anayesumbuka nao. Lugha huchukua neno ililonalo ikalinyoosha.

Bahari iliyo kati ya kwetu na Omani imeunganishwa kwa waya kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1879, wakati wa Sultani Barghash, kebo ya simu ya maandishi ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini. Jengo la kampuni ya simu pale Shangani sasa ni sehemu ya hoteli ya Serena, na wengi wetu tumepita mbele yake bila kujua. Kisha tukakaa miongo mingi bila kebo ya maana, tukitegemea setilaiti ya gharama kubwa kwa intaneti, mpaka 2009 zilipofika SEACOM na TEAMS. TEAMS imetoka Mombasa kwenda Fujairah, jirani kabisa na Omani. Majahazi yalisubiri kaskazi na kusi. Siku hizi habari huvuka katika sehemu ndogo ya sekunde, bila kusubiri msimu. Fundi wa Kiswahili anayefanya kazi Muscat si mgeni sana kama anavyodhani.

Zabuni ilimalizika mwaka 2024 na kampuni yetu haikushinda. Tuliandika makabidhiano rasmi kwa Kiingereza na Kiarabu: mchoro wa mtandao, orodha ya vifaa, nywila zote katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Hayo yamo kwenye kabati la ofisi. Daftari la Kiswahili lenye forodha, sheha na mpangishaji halikuwa kwenye orodha ya vitu vya kukabidhiwa. Tulimwachia binti, naye sasa anawafundisha wenzake wawili, mmoja wao bibi yake alitoka Bujumbura na anasema Kiswahili kingine kabisa. Tumesikia kwamba wanabishana juu ya neno "ua". Tunaona hiyo ni dalili njema.

Sisi wawili tumepata kazi kwa mkandarasi mwingine hapa hapa Muscat. Hili lingekuwa gumu zamani, kwa sababu mgeni alihitaji cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wake wa kwanza. Tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhama bila cheti hicho. Wa tatu amerudi Tanga. Alipopiga hesabu ya kiinua mgongo, alipata kidogo kuliko alivyotarajia, kwa kuwa huhesabiwa juu ya mshahara wa msingi tu, na wakandarasi wengi huuweka mshahara wa msingi chini na kuujaza kwa posho. Wanachama mnaofikiria kazi za aina hii, msiangalie jumla iliyo chini ya ukurasa. Tazameni mstari wa kwanza, halafu ulizeni zabuni imebaki na muda gani. Mwajiri anayekataa kujibu swali hilo la pili ameshakujibuni.

Kwa walimu wetu na kamati ya istilahi ya chama, tuna ombi moja. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumesikia hotuba nyingi juu ya Kiswahili kuwa lugha ya sayansi. Istilahi hutungwa mezani, na baadhi ni nzuri sana: "mtandao" ni moja, imekaa kama imezaliwa nasi. Lakini nyingine hazijawahi kukutana na mtu anayejifunza kazi huku akiwa na bisibisi mkononi. Tunapendekeza kwamba kila istilahi ya kompyuta, kabla ya kuchapishwa, ipelekwe kwa fundi mmoja na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi aulizwe swali moja tu: ukisikia neno hili, unadhani kitu hiki kinafanya nini? Akijibu kama yule binti alivyojibu kuhusu ukuta wa moto, neno lirudi mezani. Na wazee waulizwe kabla ya kamusi za kigeni kufunguliwa. Wako Wete, wako Ng'ambo, na wako Mabela.

Tumeanza orodha yetu. Ina maneno 43 mpaka sasa, na saba kati yake hatukubaliani. Tutaituma kwa mhariri ikiwa na nafasi tupu pembeni ya kila neno, ili wanachama waandike lao.